Kutoka Mwakenya hadi Kamera: Vita vya Wizi wa Mtihani Vimetoka Mbali

Kila Mkenya aliyepita shuleni anajua mwakenya ni nini. Ni kile kikaratasi kilichokunjwa mara sita, kimeandikwa kwa herufi za sisimizi, kinaingia chumba cha mtihani ndani ya soksi, ndani ya mkono wa sweta ama chini ya kifuniko cha kalkuleta. Lakini uliza wasee mtaani kwa nini kinaitwa mwakenya. Wengi watakuambia, "Tulikipata kikiitwa hivyo."

Jina hilo lina historia, na haikuanzia shuleni. Miaka ya 1980, wakati wa utawala wa Rais Moi, kulikuwa na vuguvugu la siri lililoitwa Mwakenya, kifupi cha Muungano wa Wazalendo wa Kukomboa Kenya. Lilisambaza makaratasi ya kupinga serikali, na makaratasi hayo yalipitishwa mkono kwa mkono kwa siri. Kushikwa nayo ilikuwa noma. Mwaka wa 1986 serikali ikafanya msako mkubwa. Wahadhiri, wanafunzi wa vyuo vikuu, wanahabari na watu wa kawaida wakakamatwa, na wengi wakapitishwa kwenye vyumba vya mateso vya Nyayo House kabla ya kufikishwa kortini. Inavyosimuliwa, wanafunzi waliona kikaratasi chao cha mtihani na kile cha siasa vinafanana: vyote vidogo, vyote vya siri, na ukipatikana navyo umeisha. Jina likashika hadi leo.

Nimeanza hapo kwa sababu siku hizi mtihani umehamia mtandaoni, na mwakenya pia umehama. Sasa ni simu ya pili imesimamishwa kando ya laptopu, ama grupu ya WhatsApp ya darasa inayochemka dakika ya tano ya CAT. Vyuo navyo vimejibu kwa programu za kukukodolea macho kupitia kamera. Kila mtu anauliza, tutazuiaje wizi wa mitihani ya mtandaoni? Mimi chuo niliachia njiani kwa sababu ya karo, kwa hivyo sitajifanya mhadhiri. Lakini nimesoma historia ya hii vita, na ina jibu ambalo vyuo vingi havitaki kusikia. Mtihani mmoja ukibeba maisha yote ya mtu, wizi hauishi. Unahamia mlango mwingine. Na kila kufuli mpya inapowekwa, kuna mtu asiyeiba anayelipia.

Wachina walianza zamani

Mitihani ya kuajiri maafisa wa serikali ilianza China mapema karne ya 7, ikaendelea kwa karibu miaka 1,300 hadi ilipofutwa mwaka wa 1905. Ukipita ile mikubwa, si wewe tu umeomoka, ni ukoo mzima. Kwa hivyo watu walisoma miaka na miaka, wengine hadi wakazeeka bila kupita.

Ulinzi wao ungewashinda hata KNEC. Mji wa Nanjing ulikuwa na uwanja wa mtihani wenye vijumba zaidi ya 20,000. Kila mtahiniwa aliingia kwake na chakula na matandiko, akaandika humo na kulala humo kwa siku kadhaa. Langoni alipekuliwa kuanzia nywele hadi viatu. Kufikia karne ya 11, majina yalikuwa yanafunikwa kwenye karatasi za majibu. Halafu makarani walinakili kila karatasi upya kwa mkono, ndiyo msahihishaji asitambue mwandiko wa mtoto wa rafiki yake. Hebu fikiria hiyo kazi, kunakili majibu ya maelfu ya watu ili kuzuia upendeleo.

Na bado watu waliiba. Kuna nguo za ndani zilizohifadhiwa hadi leo, zimeandikwa maelfu ya maneno kwa herufi ndogo sana. Hao ndio babu wa mwakenya. Wengine walilipa mtu mwerevu awafanyie mtihani.

Kashfa iliyotikisa nchi lakini haikutokea kwa soksi ya mtahiniwa. Mwaka wa 1858, katika mtihani wa Beijing, ilipatikana kuwa karatasi ya mtahiniwa mmoja ilikuwa imepitishwa kwa njia ya nyuma. Uchunguzi ulifika hadi kwa msimamizi mkuu wa mtihani, mmoja wa maafisa wakubwa kabisa wa dola. Mwaka uliofuata aliuawa kwa amri ya mfalme. Shika hiyo, kwa sababu itarudi huku kwetu: mlangoni walikuwa wanapekua vijana, kumbe tatizo lilikuwa limekaa ndani na funguo.

Mtihani unafika Kenya

Waingereza waliofanya kazi Asia waliuona mfumo wa China, na wanahistoria wengi wanasema ulichangia wao kuanza kuajiri kwa mtihani. Mwaka wa 1855 walianza mtihani wa ushindani wa kuajiri maafisa wa kutawala India. Mwaka wa 1858 Chuo Kikuu cha Cambridge kikaanza mitihani ya shule, na baadaye mitihani hiyo ikasafiri hadi makoloni. Ndiyo maana babu yako, kama alibahatika kufika sekondari, huenda alifanya mtihani wa Cambridge uliosahihishwa Uingereza.

Baada ya uhuru, Kenya, Uganda na Tanzania ziliunda baraza la mitihani la pamoja mwaka wa 1967. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, na mwaka wa 1980 Kenya ikaunda KNEC. KCPE ya kwanza ilifanywa 1985, KCSE ya kwanza 1989.

Sasa angalia uzito. KCPE, hadi ilipofanywa mara ya mwisho 2023, ilikuwa siku tatu. Mtoto wa miaka 13 ama 14 anakaa chini siku tatu, halafu alama hizo zinaamua kama anaenda shule ya kitaifa yenye maabara ama shule ya kutwa yenye darasa la mabati. Miaka minne baadaye KCSE inaamua tena: udaktari, ualimu, ama kurudi nyumbani. Mzazi akiona hivyo, na mwalimu mkuu akijua shule yake inapimwa kwa hiyo hiyo karatasi, usishangae soko la karatasi likizuka.

Serikali iliwahi kujaribu kupunguza joto. Mwaka wa 2014 ilifuta ile orodha ya kupanga shule kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Wazo lilikuwa zuri, lakini karatasi yenyewe ilibaki na uzito ule ule. Mwaka uliofuata ndio moto uliwaka.

2015 na 2016: pale kufuli ilifanya kazi

KCSE ya 2015 watu wanaikumbuka kama mtihani wa WhatsApp. Maswali yalizunguka kwenye simu kabla ya karatasi kufunguliwa. Matokeo ya watahiniwa 5,101 yalifutwa. Machi 2016, Waziri wa Elimu Fred Matiang'i alivunja bodi ya KNEC na kumleta Profesa George Magoha kuwa mwenyekiti.

Mnajua kilichofuata. Karatasi zikawekwa kwenye makontena yenye kufuli, polisi wenye bunduki wakalinda. Mwalimu mkuu akalazimika kwenda kuchukua karatasi mwenyewe asubuhi. Siku za maombi na za wazazi kutembelea shule zikapigwa marufuku muhula wa tatu. Matokeo yalipotoka Desemba, A zilikuwa zimeshuka kutoka zaidi ya 2,600 hadi 141. Waliopata C+ na zaidi, alama ya kuingia chuo kikuu, walishuka kutoka zaidi ya 160,000 hadi 88,929. Kulikuwa na kelele kuhusu jinsi karatasi zilivyosahihishwa haraka, na mjadala huo haujaisha. Lakini hata ukitoa kelele, mporomoko wa namna hiyo unakuambia kitu.

Kwa hivyo msee akikuambia ulinzi haufanyi kazi, hiyo si kweli. Ulifanya. Lakini angalia ulifanya kazi wapi. Kontena haikufungiwa mwanafunzi, ilifungiwa mtu mzima. Ilifunga ile njia kati ya mahali karatasi inahifadhiwa na mahali inafunguliwa, njia ambayo mwanafunzi hana hata uwezo wa kuifikia. Ni hadithi ya Beijing tena.

Na wizi, kama kawaida yake, ukahama. Ikawa karatasi ya mchana inapigwa picha asubuhi kwa sababu zote zililetwa pamoja. Mwaka wa 2023 ikabidi karatasi zichukuliwe kwenye kontena mara mbili kwa siku. Telegram ikajaa makundi ya kuuza karatasi, nyingi feki, ili kula pesa za wazazi walio na hofu. Uzito haukuwa umepungua, kwa hivyo wateja walibaki.

2020: kontena ni chumba chako

Halafu ikaja korona. Machi 2020 shule na vyuo vikafungwa, na vyuo vikuu vingi vikahamia mtandaoni, masomo kwanza, mitihani baadaye. Hapo vita vilibadilika kabisa. Ile kontena ya Matiang'i haikuwa na maana tena. Chumba cha mtihani kikawa keja ya mwanafunzi, na msimamizi akawa programu.

Programu hizi zilikuwepo nje kabla ya korona, lakini janga ndilo lilizipa soko. Zinafunga kompyuta yako usifungue ukurasa mwingine, zinarekodi skrini, zinasikiliza sauti, zinaangalia macho yako yanaelekea wapi. Nyingine zinakuambia uzungushe kamera chumba kizima kabla ya kuanza. Ukiangalia kando mara nyingi, unawekewa alama ya kushukiwa.

Zinazuia nini? Zinazuia yule wa kuvizia, anayetaka kufungua Google haraka. Huyo zinamtisha, na hiyo ni faida. Yule aliyejipanga hazimwezi. Kamera moja inaona upande mmoja tu wa chumba.

Sasa uliza zinamgharimu nani. Chukua mwanafunzi anayeishi chumba kimoja na mathe na wadogo zake watatu. Mtoto akilia, programu imesikia sauti. Dada akipita nyuma, programu imeona mtu wa pili. Stima ikipotea, mtihani umekatika, na kesho anaandika barua ya kujitetea. Data ikiisha dakika ya arobaini, hadithi ni ile ile. Mwenye chumba chake, jenereta na WiFi hana hizo shida, hata kama ameweka simu chini ya meza.

Si huku tu. Uholanzi, mwanafunzi mweusi wa chuo kikuu kimoja Amsterdam alilalamika kuwa programu ilikuwa inashindwa kuona uso wake, ikabidi ajimulike na taa akifanya mtihani. Mwaka wa 2022 taasisi ya haki za binadamu ya nchi hiyo ilisema kuna msingi wa kushuku ubaguzi na ikakitaka chuo kijieleze. Mwaka wa 2023 ikaamua ubaguzi wa programu haukuthibitishwa katika kesi yake. Sawa, uamuzi ni uamuzi. Lakini fikiria tu kufanya hesabu na taa imekumulika usoni ili mashine ikubali upo. Marekani, mwaka wa 2022, jaji wa Ohio aliamua kuwa chuo cha umma kilikiuka katiba kilipomlazimisha mwanafunzi aonyeshe chumba chake cha kulala kwa kamera kabla ya mtihani.

Mwizi wa mbali ni jirani yako

Kuna sehemu ya hii historia ambayo Kenya haiko pembeni. Iko katikati.

Wakati vyuo vya Marekani na Uingereza vinanunua kamera, kuna vijana wa Nairobi, Juja na Eldoret wanaoandika insha na kufanya kwizi za wanafunzi wa huko. Sisi tunaiita "academic writing", na nina hakika unamjua mtu anayeifanya, ama unaifanya wewe unayesoma. Australia ilitunga sheria dhidi ya biashara hiyo 2020. Uingereza ikafuata kwa sheria ya 2022 inayolenga Uingalandi. Filamu ya mwaka wa 2024, The Shadow Scholars, imewahoji waandishi hao hao wa Kenya.

Sitawaita wezi na kuondoka. Tazama kinachoendelea. Hawa ni watu waliopita KCSE, wengi wana digrii, wana akili ya kutosha kupata A kwenye somo walilosoma usiku mmoja. Mfumo uliwaambia karatasi ndiyo kila kitu. Wakapata karatasi, kazi hakuna. Sasa wanawatengenezea karatasi wengine, na jina la juu si lao. Yule mtu aliyelipwa China kumfanyia mwenzake mtihani amerudi, tofauti ni kwamba analipwa kwa dola na yuko bara lingine. Kamera ya nani itamwona?

Halafu Novemba 2022 ikaja ChatGPT, na sasa hata huyo mwandishi analia kazi imepungua. Vyuo vikakimbilia programu za kugundua maandishi ya mashine. Kampuni yenyewe iliyotengeneza ChatGPT ilitoa kigunduzi chake mapema 2023. Kilitambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na Julai mwaka huo wakakifunga kwa sababu hakikuwa sahihi. Mwaka huo huo watafiti wa Stanford walijaribu vigunduzi kadhaa kwa insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilidaiwa kuwa za mashine, ilhali zilikuwa zimeandikwa na binadamu. Sisi tuliofunzwa kuandika insha kwa Kiingereza sanifu cha mwalimu, na hatukukipata kwa mama, tuko kwenye kundi gani? Unaweza kuandika kazi yako mwenyewe usiku kucha, halafu mashine iseme si yako. Hiyo ndiyo gharama ninayosema inalipwa na asiyeiba.

Kwa hivyo tufanye nini?

Nisieleweke vibaya. Wizi wa mtihani si mchezo. Nafasi ya chuo aliyoiba mtu ni nafasi ya mtoto mwingine aliyesoma na mshumaa. Na sitaki kutibiwa na nesi aliyefanyiwa mtihani na binamu yake. Kuzuia lazima. Shida ni kuzuia kwa njia inayomkamata maskini na kumwacha aliyejipanga.

Historia inatupa mambo matatu.

La kwanza, funga mlango wa watu wazima kwanza. Beijing 1858 na Kenya 2016 zinasema kitu kimoja. Kabla ya kumrekodi mwanafunzi akipumua, chuo kijiulize nani anaona maswali kabla ya mtihani, nani anaweza kubadilisha alama kwenye mfumo, na nani anasahihisha akijua jina la mwanafunzi. Wachina walifunika majina karne nyingi zilizopita kwa karatasi na gundi. Mfumo wa mtandaoni unaweza kuyafunika bila gharama kubwa, na bado kuna pahali majina yanaonekana.

La pili, punguza uzito wa siku moja. CBC imejaribu hili: kwa KPSEA ya gredi ya sita, mtihani wenyewe ulipewa asilimia 40, na kazi za shuleni asilimia 60. Si dawa kamili, kwa sababu mwalimu anaweza kujaza alama tamu kwenye mfumo, na tuko pale pale kwa mtu mzima na funguo. Lakini kwa chuo, kwizi nane zenye asilimia tano tano zina kishawishi kidogo kuliko mtihani mmoja wa asilimia 70. Nani atalipa msee elfu tatu kwa ajili ya alama tano?

La tatu, badilisha swali. Swali linalojibiwa kwa kutafuta Google ni swali linaloomba kuibiwa. Mpe kila mwanafunzi takwimu tofauti, maswali yachanganywe kutoka kwa hazina kubwa, mruhusu afungue kitabu, halafu muulize atumie alichosoma kwa jambo la mtaani kwake. Na baada ya kazi kubwa, mwite dakika kumi kwa simu ama ana kwa ana, mwambie, "Nieleze aya yako ya tatu." Aliyeandika ataeleza, hata kwa Kiingereza cha kuvunjika. Aliyenunua atakohoa. Hakuna kamera inayofikia hapo.

Najua wahadhiri watasema, "Darasa lina watu 600, dakika kumi kwa kila mmoja nitazitoa wapi?" Ni kweli, na hilo ndilo swali ambalo kamera imenunuliwa ili lisiulizwe. Programu ni rahisi kuliko kuajiri walimu. Wachina waliajiri makarani wa kunakili kila karatasi kwa mkono kwa sababu waliona haki ya mtihani ina thamani ya mshahara. Sisi tunataka haki hiyo hiyo kwa bei ya leseni ya mwaka, na tofauti ajilipie mwanafunzi kwa data yake, kwa stima yake, na kwa chumba chake.

Kama chuo chako kinataka kukufungulia kamera muhula huu, usiishie kununung'unika kwenye grupu. Nendeni na viongozi wenu wa wanafunzi mkaulize mambo manne kwa maandishi: video zinahifadhiwa wapi na kwa muda gani, nani anaamua ukishukiwa, kuna nafasi ya kurudia stima ikipotea, na nani anachunga maswali kabla hayajafika kwenu. Kama wana jibu la hilo la nne, basi wamesoma historia. Kama hawana, wanapekua soksi tu.